Mapigo Yaliyopita Njia ya Vitongoji

Mara ya kwanza kusikia moyo wa mtoto aliye bado tumboni, mama yake alikuwa Msuka, kaskazini kabisa ya Pemba, na mimi nilikuwa Chake Chake, katika chumba chenye dirisha moja, nimeshika kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Sauti ilitoka kwenye spika ndogo juu ya meza ya daktari. Ilikwenda mbio, nyepesi, kama mtu anayekimbia pekupeku juu ya mchanga ulioloa. Kwa kitambo nilisahau kabisa nilikuja pale kufanya nini.

Nilikuja kwa kazi ya mtandao. Nilikuwa msichana wa Kengeja niliyetoka masomoni karibuni, na mradi mmoja wa afya ulikuwa umeniajiri niunganishe vituo vidogo vya kisiwani na chumba kile cha mjini. Mkunga wa kituo anaweka kifaa juu ya tumbo la mja mzito. Kifaa kinayageuza mapigo ya mtoto kuwa vipande vidogo vya data, ambavyo sisi mafundi tunaviita pakiti. Pakiti zinarushwa kutoka mnara mmoja hadi mwingine mpaka zinafika kwa daktari. Daktari anasikiliza, anatazama mstari kwenye skrini, anazungumza na mkunga. Basi. Kwa maneno ni kazi nyepesi.

Daktari alikuwa mtu wa Unguja, mpole, mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi. Mkunga wa Msuka alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa hukohuko, na Kipemba chake kilikuwa kizito hata mara nyingine daktari alinigeukia mimi. "Kasema nini?" ananiuliza, na mimi namfasiria, huku mkunga anasikia yote na kucheka upande wa pili.

Miezi ya mwanzo ninaikumbuka kama mtu anavyokumbuka usingizi wa mchana. Ilikuwa msimu wa karafuu, na harufu yake iliingia kwa dirisha lile moja ikakaa kwenye nguo zetu, kwenye karatasi, kwenye nywele. Nilikuwa nakaa mbele ya kompyuta huku mapigo yakipita masikioni mwangu, na mara nyingine sikujua kama niko macho. Nikitembea barabarani niliyasikia katika kinu cha mtu anayetwanga, katika hatua za watoto wa skuli. Nilikwenda nyumbani Kengeja siku za mapumziko, mama akanikuta nimekaa ukumbini na bakuli la muhogo, sili.

"Unasikiliza nini?" akaniuliza.

"Hamna kitu, mama."

"Basi kula."

Kisha ikaja siku ambayo moyo ulikatika.

Ilikuwa asubuhi, na Msuka kulikuwa na mama mwenye uchungu wa mtoto wa tatu. Sauti ilianza vizuri. Halafu ikasita. Kukawa kimya kwa muda wa pumzi moja, yakaja mapigo mawili kwa pamoja, yamegongana, kisha kimya tena. Mstari kwenye skrini ukawa umetoboka toboka. Daktari akasogeza kiti.

"Moyo wa mtoto unasita," akasema.

"Mie nausikia kwa sikio langu, daktari," mkunga akajibu. Alikuwa na kile kifaa cha zamani cha mti, chenye umbo la faneli, ambacho wakunga huweka tumboni na kutegea sikio. "U vyema. Haujasita."

Daktari alitazama skrini, akatazama spika. "Siwezi kucheza na roho ya mtu," akasema. "Mtie garini, mlete."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nami niliiamini mashine. Ilikuwa mashine yangu.

Gari lilipopita Konde mama yule akashindwa kuvumilia. Alijifungua pembeni mwa njia, wanawake waliokuwa karibu wakamzungushia khanga zao. Mtoto alikuwa mzima, moyo wake haukuwa na kasoro yoyote, wala haukupata kuwa nayo.

Siku ya pili mkunga alikuja mjini kwa gari la abiria, na mkoba wake wa ukindu. Ndiyo mara ya kwanza kuonana ana kwa ana. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bi Mkunga." Akaitikia "Marahaba," lakini hakukaa.

"Ndo weye mwenye mtandao?"

"Ndiye mimi."

"Mtu kavyaa njiani, mwanangu. Katikati ya watu. Na kitanda changu kilikuwa tayari, na shuka nimefua mwenyewe." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonichoma. "Nambie, moyo ule ulikatikia wapi? Kwa maana tumboni haukukatika."

Nilimwomba anipe muda, akasema muda utategemea waja wazito wake wengine, kwani wao hawasubiri. Akanywa maji, akaondoka.

Nilikaa na kumbukumbu za mashine kwa siku kadhaa, nikifuata kila pakiti tangu ilipotoka Msuka. Jibu lilikuwepo, na lilikuwa la aibu kwa wepesi wake. Nilipojenga mtandao nilichagua njia fupi kuliko zote: Msuka, Konde, Wete, mjini. Kila kituo cha upande ule nilikifanyia hivyohivyo. Kwa hiyo mnara wa Wete ulikuwa ndiyo njia panda ya kila kitu: picha za eksirei, mafaili ya wagonjwa, mikutano ya video ya mradi. Asubuhi ile, wakati mama yule ana uchungu, mtu alikuwa anatuma mjini rundo la picha za eksirei. Mapigo ya moyo wa mtoto yalipanga foleni nyuma ya picha za mifupa. Hakuna pigo lililopotea. Yalichelewa tu, hili kidogo, lile zaidi, na yalipofika yalifika yamebebana. Mashine ya daktari ilikuwa inangoja kila pigo kwa muda mdogo. Likipita muda huo bila kufika, inaacha kimya mahali pake. Ndicho kimya tulichokisikia.

Nikaona dawa yake ni nyepesi. Niliziamuru mashine zote ziyape mapigo heshima ya kwanza: yakitokea, kila kitu kingine kisimame. Tukajaribu, na kwa siku mbili nilijiona fundi. Siku ya tatu sauti ikasita tena, kidogo, lakini ikasita. Nilichosahau ni kwamba pakiti kubwa ikishaanza kurushwa hairudishwi. Pigo likifika mlangoni wakati kipande cha eksirei kimeshatoka nusu, halina budi kungoja kimalizike, hata liwe na heshima ya namna gani.

Basi nikaiongezea mashine ya daktari muda wa kungoja. Sauti ikawa laini kama mafuta. Lakini sasa daktari alikuwa anasikia mambo yaliyokwisha kupita. Siku moja ya majaribio, na mama mmoja aliyekubali tumsikilize akiwa hana uchungu wowote, daktari alimwambia mkunga asogeze kifaa kushoto; mkunga akasogeza; daktari hakusikia mabadiliko, akamwambia arudishe; akarudisha; ndipo mabadiliko ya kwanza yakafika. Wakawa wanapishana hivyo, kila mmoja akikatiza maneno ya mwenzake, mpaka mkunga akaweka kifaa chini.

"Wewe mwana," akaniita kwa spika. "Njoo huku ukae nasi. Ukikaa huko mjini hutalipata."

Nilifunga nguo chache nikaenda Msuka. Nilikaa nyumbani kwake muda ambao sasa siukumbuki sawasawa. Nikiufikiria naona ni siku moja ndefu tu yenye mvua za rasharasha, na jua linalotoka kila baada ya mvua kana kwamba limesahau kitu. Asubuhi nilikwenda naye kituoni. Alinifundisha kutega sikio kwenye kile kifaa cha mti. Mchana, joto likiwa limewalaza watu wote, nilikaa kwenye jamvi lake na daftari la mistari ya miraba, nikachora. Ng'ombe alilia mahali fulani. Mkunga alisuka ukili wa mkeka akiniangalia.

"Nikwambie kinachonitia wazimu?" akasema siku moja, bila mimi kumwuliza. "Kuchelewa kwenyewe sikukasirikii. Daktari akinijibu baada ya pumzi moja, kila siku pumzi moja, mie nitakwenda naye. Nishafanya kazi na watu wazito wengi. Lakini leo upesi, kesho pole, saa hii upesi tena. Mkono wangu hautui."

Niliacha kuchora. Nilikuwa nimejifunza jambo hilo darasani na kulifanyia mtihani, lakini nadhani nililielewa mchana ule, jamvini. Nilikuwa nikiyakimbiza mapigo yafike mapema, wakati yeye alitaka yafike kwa mwendo mmoja.

Nikaanza upya. Nilichukua wakati wa mtandao nikaukata mizunguko midogo midogo iliyolingana, mingi mno ndani ya sekunde moja. Katika kila mzunguko nikaweka mlango mdogo wa mapigo peke yake. Nje ya mlango ule, picha na mafaili na mikutano vipite vitakavyo; lakini kabla mlango haujafunguka, vyote vizuiwe mapema kidogo, ili pasiwe na pakiti kubwa iliyoanza safari isiyoweza kuimaliza. Njia itakuwa tupu kwa muda mdogo sana, ikingoja. Mwanzo moyo uliniuma kuiacha njia tupu. Sisi mafundi tumefundishwa kuijaza. Lakini ule utupu ndio uliokuwa dawa.

Kisha njia yenyewe. Niliiacha ile ya Wete kwa eksirei na mafaili, nikayapitisha mapigo upande wa mashariki: kutoka Msuka kwenda Micheweni, kushuka mpaka Vitongoji, ndipo mjini. Ilikuwa njia ndefu zaidi, lakini haikuwa na watu. Nikapanga milango ya minara ile ifuatane, kila mmoja ukichelewa kidogo kuliko uliotangulia, ili pigo likitoka Msuka likute Micheweni mlango wake ndiyo kwanza unafunguka, na Vitongoji hivyohivyo, lipite bila kusimama popote. Nilijaza daftari lile kwa penseli. Nilifuta mpaka karatasi zikatoboka. Kituo kimoja kikipangika, kingine kinavunjika, kwa sababu vyote viligawana minara ileile ya karibu na mji. Nilipolala niliota minara inasogea polepole juu ya vilima ikitafuta mahali pa kukaa, na mimi chini naielekeza kwa mkono, na haina haraka.

Siku tuliyoiwasha ratiba mpya, nikiwa nimerudi mjini, sauti ilifika safi. Nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Halafu ikaanza kuyumba, kila dakika zaidi ya iliyopita. Milango haikuwa inafuatana tena. Ratiba kama ile inataka minara yote iwe na saa moja, isiyotofautiana hata kidogo. Mnara mmoja ukiwa na saa yake mwenyewe, pigo linafika na kukuta mlango umefungwa. Niliangalia, nikaona ni Vitongoji. Nilikwenda kwa baiskeli ya kuazima. Juu ya kibanda cha mnara, kuti kavu la mnazi lilikuwa limeiangukia antena ndogo inayopokea saa kutoka kwenye setilaiti. Nililiondoa. Nilibaki pale juu ya ngazi kwa muda, kuti mkononi. Mashamba yalikuwa yamenyamaza, na kwa mbali bahari ilikuwa nyeupe kama maziwa. Niliwaza: mapigo ya watoto wa kaskazini yatakuwa yanapita hapa, juu ya mihogo hii, na hakuna atakayejua.

Kuanzia hapo mwendo ukawa mmoja. Daktari alizoea kuchelewa kidogo kulekule kila siku, na mkunga mkono wake ukatua. Lakini imani haikurudi kwa kasi hiyo. Kila sauti ikibadilika kidogo tu, daktari aligeuza shingo kunitazama. Nilijua anaiona ile njia ya Konde, na wanawake na khanga zao.

Ndivyo tulivyokuwa siku alipokuja kituoni Msuka mwali mmoja.

Namwita mwali, kwa kuwa alikuwa hana hata mwaka tangu aolewe, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kutoka mjini tulisikia sauti yake akisoma dua kwa pumzi za haraka. Ilikuwa kama saa nne za asubuhi. Mapigo yalikuwa mazuri. Kisha uchungu ulipomjia, na ulipokuwa unamwachia, mapigo yakapungua mwendo. Yakawa mazito, yana nafasi katikati. Yakarudi. Uchungu mwingine ukaja, ukapita, na baada yake yakapungua tena, na safari hii yalikawia kurudi.

Daktari aliweka kalamu chini. Akanigeukia. "Ni ule ugonjwa wenu wa mtandao?"

"Bi Mkunga," nikasema, "sikio lako linasema nini?"

"Siupati vizuri," sauti yake ikajibu. "Anajinyonganyonga. Nkiweka sikio uchungu ushamrudia. Nambieni nyie."

Nilifungua ukurasa wa kumbukumbu. Niliona pakiti moja moja: imetoka Msuka, imekuta mlango wa Micheweni, imekuta wa Vitongoji, imefika. Inayofuata hivyohivyo, na inayofuata. Nikaangalia saa za minara. Zilikuwa pamoja. Nikaangalia tena, kwa maana nilikuwa naogopa. Nikisema ni moyo na kumbe ni mtandao, nimemtia mwanamke mwingine njiani bure. Nikisema ni mtandao na kumbe ni moyo, daktari atangoja, na mtoto hatangoja. Sijui nilifikiri kwa muda gani. Katika kumbukumbu yangu chumba kinajaa mwanga mweupe na vumbi linaelea, na mapigo yale mazito yanashuka moja moja, na kati ya pigo na pigo kuna nafasi ya mtu kukaa na kuzungumza.

"Mtandao uko sawa, daktari," nikasema. "Ni moyo wenyewe."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alinitazama kidogo tu. Kisha akageukia spika, na sauti yake haikuwa na wasiwasi tena. "Bi Mkunga, mlaze ubavu wa kushoto. Gari ije sasa hivi. Njoo naye mwenyewe."

"Tushatoka," mkunga akasema.

Safari ile sisi hatukuisikia, kwani kifaa kilibaki kituoni. Kimya chake ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote. Daktari alikwenda kutayarisha chumba cha upasuaji, mimi nikabaki na spika isiyosema. Nilipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Gari lilipoingia uani nilitoka mbio, nikamwona yule binti kwa mara ya kwanza: uso umelowa jasho, macho yanatazama juu, mkono wake umeshika mtandio wa mkunga na hauachii. Waliingia. Mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi nje pamoja na mkunga. Alikuwa anavuta uradi, midomo tu ndiyo inatikisika. Baadaye tulisikia kilio, kidogo, cha hasira, kikakatika, kikaanza tena kwa nguvu zaidi.

Daktari alitoka na kofia yake mkononi. "Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni mara mbili," akasema. "Kila uchungu ukimbana, inamkaba. Mama mzima, mtoto mzima." Akanitazama, akataka kusema jambo, kisha akaona haya, akaingia ndani.

Mkunga aliinuka akatafuta viatu vyake. "Mie nende nkasali adhuhuri," akasema. "Itanipita."

Nilialikwa akika ya yule mtoto, Msuka. Wanawake walijaa ukumbini, na wali wa nazi ukafika kwenye masinia. Yule binti alikuwa amenenepa kidogo na ana hina mikononi. Aliniwekea mtoto mapajani bila kuuliza.

"Ndo weye uliyesema ni moyo?"

"Ndiye mimi."

"Ulijuaje?"

Nilijaribu kumweleza. Nilianza na milango, nikaingia kwenye saa za minara, nikafika Vitongoji nikapotea. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mtoto alipopiga chafya, na wanawake wote wakasema Alhamdulillahi kwa pamoja, wakacheka, na mazungumzo yakahama. Sikusikitika. Kichwa cha mtoto kilikuwa na joto kwenye mkono wangu, nami nilisinzia kidogo pale nilipokaa.

Nilifanya kazi ile miaka kadhaa. Kila kituo kipya kilipoingia nilirudi kwenye daftari, kwa kuwa mlango mmoja ukiongezeka yote husogea. Daktari alirudi kwao Unguja, na mahali pake akaja daktari mwingine, mwanamke mdogo kuliko mimi, ambaye hakuijua hadithi ya njia ya Konde na hakuna aliyemhadithia. Hakuwahi kuniuliza kama mtandao ni mzima. Siku niliyokwenda kumuaga, nilimkuta amekaa mbele ya spika, kichwa amekiinamisha, macho ameyafumba. Moyo wa mtoto ulikuwa unakwenda mbio chumbani, kutoka kijiji ambacho sikukiuliza jina. Alinisikia nikiingia, akainua kidole kunitaka ninyamaze, hakufumbua macho.

Nilirudi nyuma hatua moja, nikauvuta mlango taratibu mpaka ukajifunga.